Chumba cha Pembe Tatu

Mgeni anayeswali kwa mara ya kwanza katika msikiti wa mtaa wetu wa watia rangi, hapa Samarkandi, hutoka akijikuna kichwa. Kwa nje ameona ukuta wa kale wa matofali, umelikabili Lango la Magharibi uso kwa uso. Ndani amekuta imamu ameelekea kwingine, kushoto zaidi, kana kwamba jengo liligeuza mabega bila kusogeza miguu. Na kati ya ukuta wa nje na ule wa ndani kuna chumba chenye pembe tatu, chenye mlango mfupi unaomlazimisha kila mtu kuinama.

Akiuliza, hujibiwa na mtu yeyote aliye karibu: hicho ni chumba cha Yazdad.

Yazdad mwana wa Farrukh alikuwa mwashi. Hakuwa msomi, hakuwa tajiri, na hakuwa msemaji. Alijua kusoma kiasi cha kutambua jina lake, na ujuzi wake wote ulikuwa katika vitu alivyovifunga kiunoni: mwiko, timazi na uzi mrefu wa pamba uliopakwa masizi. Alikuwa na desturi ya kuvua viatu kila alipoonyeshwa kiwanja kipya. Alikizunguka miguu mitupu kabla ya kusema kama atakubali kazi au la, na wenye viwanja walikwisha zoea kumsubiri.

Viwanja vya mtaa wetu vina taabu yake. Hakuna aliyeupanga, nyumba zilijibanza zenyewe mahali maji ya mfereji yalipopita, na hakuna kiwanja chenye pembe nne zilizo sawa. Lakini kila mtu anataka chumba kilichonyooka, maana zulia halipindi. Kwa hiyo waashi wetu wana namna yao. Hujenga ukuta mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, chumba kikanyooka kwa ndani, nje kikabaki kimepinda kama barabara inavyotaka. Ule unene hutobolewa ukawa kabati la matandiko. Yazdad alikwisha ficha kupinda kwa nusu ya nyumba za mtaa kwa njia hiyo. Akina mama walimpenda kwa sababu ya makabati, na waume zao walilalamika kwamba chumba kimeliwa.

Ukuta uliokuwa na thamani kuliko kuta zote moyoni mwake, hata hivyo, hakuujenga yeye. Uliwekwa na baba yake, Mzee Farrukh, kabla Yazdad hajazaliwa, nao ulikuwa ukuta wa kibla wa msikiti.

Namna Mzee Farrukh alivyoupata mwelekeo wake, kila mtu mtaani aliijua. Zamani hizo waashi wetu walisubiri siku ya mahujaji kuondoka. Msafara ulipotoka kwa Lango la Magharibi, ngamia na punda na watu wakilia na kucheka, mwashi alisimama kwenye kiwanja akavuta uzi kuelekea kule walikokwenda. Wale watu walikuwa wanakwenda Makka. Basi Makka ilikuwa kule. Palipoelekea uzi ndipo palipowekwa mihrabu. Siku ile Mzee Farrukh alikuwa ameoa karibuni, na msaidizi wake alikuwa anaumwa. Ncha ya pili ya uzi ilishikwa na mkewe, Bi Nushin, mama yake Yazdad.

Bi Nushin aliisimulia hadithi hiyo kila mwaka msafara ulipoondoka. Mumewe alikwisha fariki, akazikwa nyuma ya msikiti, kaburi lake likifuata ukuta wake. Mchana wa jua la kipupwe Bi Nushin aliweka mkeka chini ya ukuta ule, akaegemea matofali yaliyopata joto, akachambua pamba. Ukipita bila kumsalimia, alikuita kwa jina la babako.

Masika moja ardhi ikatetemeka. Haikuwa tetemeko kubwa. Tulipoteza kuku wengi kuliko watu. Lakini msikiti ulianguka. Paa lilishuka, nguzo zikalala, kuta za pembeni zikafumuka. Vumbi lilipotulia, ukuta wa Mzee Farrukh ulikuwa umesimama peke yake, na mihrabu yake haikupata hata ufa.

"Mmeona?" alisema Bi Nushin, akipangusa vumbi usoni. "Mmeona mume wangu?"

Watu walilia. Wengi waliona ni ishara. Yazdad alikwenda akaweka kiganja chake juu ya tofali moja. Imamu Layth, mzee mpole aliyekuwa akituswalisha, akamwita palepale. "Fundi, jenga tena. Ramadhani itukute ndani."

Matofali yakaletwa. Watia rangi wenye mikono ya bluu walibeba udongo pamoja na wafinyanzi. Na asubuhi Yazdad alipofungua uzi wake ili aanze kuta za pembeni kutoka kwenye ukuta wa baba yake, akaja Sahlan.

Sahlan alikuwa mtoto wa mtaani kwetu, mwana wa muuza majani ya rangi, aliyekuwa amerudi kutoka Gurganji, huko Khwarazm. Huko alikuwa amesoma hesabu na elimu ya nyota. Alikuwa na ndevu chache na haraka nyingi.

"Fundi Yazdad," alisema, "shikamoo. Kabla hujaweka tofali, naomba nikwambie jambo."

"Marahaba. Sema."

"Ukuta huu hauelekei Makka."

Kazi ilisimama. Jamuk, mtia rangi ya nili, aliyekuwa amekwenda hija na hakuacha mtu asahau, alishusha karai lake.

"Unaelekea wapi basi, bwana mkubwa? Gurganji?"

"Unaelekea magharibi, Haji. Makka iko magharibi na kusini. Tunatakiwa kugeuka kushoto, kama theluthi ya pembe mraba."

"Theluthi! Kijana ameondoka hapa hajui kufunga mkanda wake, amerudi anatugeuza theluthi!"

Watu wakacheka. Sahlan akawa mwekundu, na hapo akakosea. Aliinua sauti ili awashinde kwa hoja. "Msiponiamini mimi, aminini hesabu! Ukivuta mstari kutoka ukuta huu ukaenda nao moja kwa moja, Makka utaipita mbali, iko huko kushoto kwako. Utafika nchi za Warumi!"

Kicheko kikakatika. Bi Nushin aliinuka kutoka mkekani mwake, pole pole, akishika ukuta.

"Sahlan."

"Naam, bibi."

"Mimi ndiye niliyeshika uzi ule. Mume wangu amelala pale nyuma, ubavu wake umefuata ukuta huu. Unataka kuniambia miaka yote hii amelala anawatazama Warumi?"

Sahlan alirudi hatua moja nyuma. Alisema, "Bibi, sikukusudia—"

"Nenda nyumbani, mwanangu. Mwambie mama yako akupe supu."

Kijana akaondoka. Lakini neno alilolisema halikuondoka naye. Imamu Layth mwenyewe hakulicheka. Alikuwa amesikia masuala kama hayo kwa wanazuoni wengine, na alisema wazi kwamba hana elimu ya kulikata. Adhuhuri ile watu waliposwali uani, vijana wachache waligeukia kushoto kama Sahlan alivyosema. Siku zilizofuata wakaongezeka. Ua mmoja ukawa na safu mbili zilizokatana kama mkasi, na watu wakawa wanarukuu wakigonganisha viwiko. Siku moja Jamuk alimsukuma mtoto wa mfinyanzi, mfinyanzi akamsukuma Jamuk, na Imamu Layth akakatisha swala ili awaachanishe.

Jioni hiyo alikuja nyumbani kwa Yazdad, akakaa, akakataa chai ya maua hata alipobembelezwa.

"Yazdad, siwezi kuwa imamu wa misikiti miwili katika ua mmoja. Wewe ndiye fundi. Mahali utakapoweka mihrabu, hapo nitasimama, na wote nitawaambia wasimame nyuma yangu. Lakini uniahidi kwamba utaiweka kwa haki, si kwa mapenzi."

"Na nikikuta kijana yuko sawa?"

Imamu alitazama mkeka. "Basi ukuta wa baba yako utakuwa mahali pasipofaa. Sijui waashi hufanya nini na ukuta uliokaa mahali pasipofaa."

Yazdad alijua. Waashi huubomoa.

Alikaa na jambo hilo bila kumwambia mtu. Alikula kidogo. Mama yake alimtazama akimega mkate na kuuacha kwenye sinia, akasema, "Ukiugusa ukuta ule, usinijie kwa mazishi yangu," kisha akamsogezea bakuli la maziwa mgando kama kawaida, maana hasira yake na mapenzi yake vilitoka katika jiko moja.

Kesho yake Yazdad alikwenda kwa Sahlan. Hakwenda kumshinda wala kushindwa. Alikwenda, kama alivyosema mwenyewe baadaye, kuzunguka kiwanja miguu mitupu.

"Usinipe hesabu," alimwambia. "Nipe kitu nitakachokishika kwa mkono."

Sahlan alifurahi hata akamwaga wino. Wakaenda uani mwa msikiti. Yazdad alisawazisha kipande cha ardhi kwa maji na chokaa mpaka kikawa kama kioo, kwa sababu kazi hiyo hakumwachia mtu. Katikati wakasimamisha kijiti, Yazdad akakipima kwa timazi. Kwa uzi wake mwenyewe wakachora duara kukizunguka.

"Sasa tunasubiri," alisema Sahlan. "Asubuhi kivuli ni kirefu, kimevuka duara. Kitafupika. Kitakapofika kwenye mstari, tia alama. Baada ya adhuhuri kitarefuka tena, na kitakapogusa mstari upande wa pili, tia alama nyingine. Katikati ya alama mbili, ukivuta uzi mpaka kwenye kijiti, ndiyo kaskazini na kusini. Wahindi walituachia njia hii, na mabwana zetu wakaisahihisha."

Wakasubiri kivuli. Jamuk alipita na ndoo zake, akauliza kama wamepanda kijiti ili kiote. Alasiri alama ya pili ilipotiwa, Yazdad alivuta uzi, akaupiga, na masizi yakaacha mstari mweusi juu ya chokaa. Alichuchumaa akautazama sana. Mstari wa kaskazini na kusini, bila kitabu, bila mtu wa kumwamini ila jua. Akavuta mwingine kuukata, wa mashariki na magharibi, akaona kwamba ukuta wa baba yake ulikuwa umeelekea magharibi barabara.

"Hakupinda hata kidogo," alisema.

"Alikuwa fundi mkubwa," alisema Sahlan, na safari hii alisema kwa upole. "Lango alilipata sawasawa. Lango tu ndilo si Makka."

"Hilo sasa nitalijuaje? Kivuli hakijui Makka iliko."

Sahlan akaeleza. Alieleza jinsi mabwana wawili, mmoja Baghdadi na mmoja Khwarazm, walivyopatana kutazama kupatwa kwa mwezi kuleule, kila mtu akiandika saa ya mji wake, ili tofauti ya saa iwaambie umbali wa mashariki na magharibi kati yao. Yazdad alisikiliza kama mtu anayesikiliza muziki wa nchi nyingine. Lilimpendeza kwamba watu wasioonana waliweza kushika ncha mbili za kitu kimoja. Lakini hakuweza kulishika.

"Na kusini?" aliuliza. "Unajuaje Makka iko kusini yetu?"

"Kwa nyota ya kaskazini. Ukienda kusini, inashuka. Tukiwa hapa iko juu kiasi hiki." Akainua mkono. "Kule Makka iko juu kama nusu yake. Lakini mimi sijafika, fundi. Nimesoma tu."

Yazdad alisimama akakung'uta magoti. "Yuko aliyefika," alisema.

Jamuk alikuwa nyumbani kwake, katika chumba cha rangi, ameinama juu ya pipa la nili. Chumba hicho alijengewa na Yazdad miaka ya nyuma, na Jamuk alipomwona mlangoni alianza palepale.

"Umekuja kuomba radhi? Tazama ukuta wako ulivyokula chumba changu! Upande huu siwezi kutandaza nguo mbili."

"Mkeo ana kabati."

"Mke wangu ana kabati! Mimi nina nini? Kaa. Umekonda. Mama yako hakupikii?"

"Haji, nataka kukuuliza habari za hija."

Jamuk alisahau ugomvi wote. Aliacha pipa, akafuta mikono, akaketi vizuri. Hakuna aliyekuwa amemwomba habari hizo kwa muda mrefu, maana wote tulikwisha zisikia.

"Mlitoka kwa Lango la Magharibi," alisema Yazdad.

"Kwa Lango la Magharibi. Vumbi hili, ngamia yule wa kijivu—"

"Ninamjua ngamia. Mkaenda magharibi mpaka wapi?"

"Bukhara. Kisha Merv, kushoto kidogo. Nishapuri, Rayi, mpaka Baghdadi na Kufa."

"Na Kufa, mlipoingia jangwani, mligeukia wapi?"

"Kushoto. Kusini. Jua la adhuhuri usoni siku zote, midomo ikipasuka kama tofali lisiloiva. Hiyo ndiyo njia yenyewe, bwana, hayo mengine ni matembezi."

Yazdad alisogea karibu. "Na ukiwa Makka, nyota ya kaskazini ilikuwa wapi?"

Jamuk akacheka. "Hiyo niliwaambia watu wakanikatalia! Ilikuwa chini, Yazdad. Wallahi. Hapa ukiitazama shingo inauma. Kule iko karibu na mabega ya milima. Nilidhani imechoka. Nilimwambia mwenzangu, hata nyota huku inaswali, imekwisha rukuu—"

Jamuk hakuwa mjinga. Alimtazama Yazdad, akautazama mkono wake mwenyewe wa bluu uliokuwa bado umeinuliwa nusu, ukionyesha ile nyota ya chini.

"Ah," alisema. "Umeniingiza kwenye pipa langu mwenyewe."

"Ninataka kujua tu, Haji."

"Basi tunageuka theluthi." Alivuta pumzi. "Na ukuta wa mzee?"

Yazdad alikuwa ametazama pembe ya chumba. Ukuta mnene uliokuwa ukilaumiwa ulianza mwembamba karibu na mlango, ukanenepa kadiri ulivyokwenda, mpaka mwisho wake ukameza kabati zima. Nje barabara ilipita ilivyotaka. Ndani zulia lilikaa sawa.

"Ukuta wangu umekula chumba chako," alisema Yazdad polepole.

"Ndicho ninachosema miaka yote!"

Yazdad aliinuka, akamkumbatia Jamuk pamoja na nili yake yote, akatoka mbio na shati lililoharibika. Jamuk aliwaambia watu kwamba fundi amepata homa.

Hakuwa na homa. Alikwenda uani, akavua viatu, akazunguka. Sahlan alipoitwa, Yazdad alimwonyesha kwa kidole cha mguu. "Ukuta wa mzee unabaki. Huo ni wa nje. Wa ndani tunauanza hapa, pembe ya kulia, ukiugusa wa mzee. Kisha unaachana nao, unakuja hivi, kama mstari wako unavyotaka. Kushoto utakuwa mbali naye, lakini sijali. Tutaurudisha msikiti nyuma mpaka kwenye ule mti wa mforosadi wa uani."

"Na katikati?" aliuliza Sahlan. "Hilo si kabati, fundi. Ni chumba kizima. Chenye pembe tatu."

"Utapata cha kuweka."

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko udongo. Yazdad alimwomba Imamu Layth aende naye kwa Bi Nushin. Mama alisikiliza yote, habari za kivuli, za nyota, za ukuta wa ndani, bila kuacha kuchambua pamba. Mwishoni aliuliza jambo moja tu, na hakumwuliza mwanawe.

"Sheikh, na yule aliyelala pale? Tutamfukua?"

"Hapana, Bi Nushin," alisema imamu. "Farrukh aliitafuta Kaaba kwa alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho kilikuwa uzi, lango na mke mwaminifu. Anayetafuta hivyo hulipwa kwa kutafuta kwake. Swala zake zimefika. Na zetu tulizoswali nyuma ya ukuta wake zimefika. Ila sisi leo tumepewa zaidi yake, na tukikaa pale pale alipoishia hatutakuwa tumemheshimu. Tutakuwa tumechoka tu."

Bi Nushin aliuvuta uzi mmoja wa pamba mpaka ukakatika. "Angependa kile kijiti," alisema. "Angekaa nacho siku nzima, chakula kikapoa." Walitoka bila kujua kama amekubali.

Asubuhi ya kuweka msingi, mtaa wote ulikuwa uani, safu zote mbili, zikitazamana. Sahlan alikuwa amechora mstari wake kutoka kwenye duara. Yazdad alifungua uzi, akashika ncha moja kwenye pembe ya ukuta wa baba yake, akampa Sahlan ncha ya pili. Mkononi mwa kijana uzi ulicheza kama mkia wa mbuzi.

"Sogea," ilisema sauti nyuma yake. "Hivyo ndivyo wanavyofundisha Gurganji? Uzi haushikwi kwa vidole, unashikwa kwa kiuno."

Bi Nushin alimnyang'anya uzi, akauzungusha kiganjani, akakita miguu. Alikuwa mzee, lakini uzi ulinyooka ukatulia kabisa.

"Kushoto kidogo, bibi," alisema Sahlan kwa hofu.

"Wapi?"

"Hapo. Hapo hapo."

"Una hakika?"

Watu wote walimtazama. Sahlan aliinua kichwa. "Nina hakika kuliko lango, bibi. Sina hakika kuliko wote watakaokuja. Huenda atakuja mwenye kipimo bora, akanisogeza kwa upana wa kidole."

Jamuk alipiga kelele kutoka nyuma, "Angalau safari hii amesema kidole, si theluthi!" na kicheko kilichotoka kilikuwa cha pande zote mbili.

Bi Nushin hakucheka, lakini alimtikisia Sahlan kichwa kukubali, kwa namna ambayo hakuwahi kumtikisia mtu mwenye ndevu chache. "Yazdad," aliita, "piga uzi, mkono unaniuma."

Yazdad akaupiga. Masizi yakaruka, mstari ukalala juu ya ardhi.

Ukuta wa ndani aliujenga mwenyewe, na aliujenga kwa namna iliyowashangaza waashi wenzake. Hakuushikamanisha na wa baba yake. Pale pembeni kuta hizo mbili zilipogusana aliacha nafasi ya kupitisha kisu, akajaza udongo mtupu bila chokaa. Alipoulizwa, alisema, "Kijana amesema huenda atakuja mwingine. Akija, autoe wangu bila kumwumiza mzee."

Ramadhani ilitukuta ndani, paa likiwa bado linanuka utomvu wa magogo ya miti ya mipopla. Imamu Layth alisimama katika mihrabu mpya, na nyuma yake safu ikawa moja. Jamuk alisimama bega kwa bega na mfinyanzi, na inasemekana alimkanyaga kidogo, lakini mfinyanzi alisamehe.

Chumba cha pembe tatu hakikukaa kitupu. Kwanza waliweka mitungi ya maji, kisha mikeka. Baadaye Sahlan aliomba aweke ubao wake wa hesabu, akawa anafundisha humo baada ya alasiri watoto wa watia rangi na wafinyanzi: kivuli, duara, saa za swala, namna ya kugawa urithi, namna ya kujua mji usiouona uko upande gani. Yazdad alikuja pia, mtu mzima, akaketi karibu na mlango na mwiko kiunoni. Alijifunza kuandika tarakimu za Kihindi, na alipoelewa jambo alipiga goti lake kwa kiganja. Wengi wetu tunaojua kuhesabu katika mtaa huu tulianzia katika chumba hicho, au kwa mtu aliyeanzia humo.

Bi Nushin naye alihamisha mkeka wake. Kipupwe kilipoingia alikuja akaketi ndani, mgongo kwenye matofali ya mumewe, uso kuelekea ukuta wa mwanawe, akachambua pamba huku watoto wakisoma. Wanafunzi walimwogopa kuliko mwalimu. Siku moja mtoto mmoja alikosea kugawa, Sahlan akamwambia arudie, akakosea tena, akaanza kulia.

"Nini?" aliuliza Bi Nushin.

"Nimekosea, bibi."

"Kosa liko wapi?"

Mtoto akaonyesha ubaoni.

"Basi umeliona," alisema Bi Nushin. "Usilifute. Andika pembeni yake. Mahali papo tele."